Brother HL-1110 na draiva ya .rpm kwenye Debian: nigeuze au nitafute ya asili?

stesheneri_lindi: Wakuu, salaam. Nina stesheneri hapa Lindi mjini, kompyuta yangu inatumia Debian 12 (aina ya Linux). Nimenunua printa ya Brother HL-1110 kwa mtu, akanipa flashi yenye draiva ya .rpm. Minada ya korosho imeanza, watu wa vyama vya msingi wanataka fomu zao. Naona programu ya alien inageuza .rpm kuwa .deb, aina ya kifurushi ya Debian. Niingie huko? Bando langu dogo.

fundi_masasi: Geuza mkuu. `sudo alien -d` na jina la faili, halafu `dpkg -i` kuisakinisha. Mimi nilishafanya, ikakubali.

mikindani64: Mkuu wa Lindi, ngoja kwanza. Faili hilo limefungashwa kwa ajili ya Linux nyingine, akina Fedora na Red Hat. Alien inahamisha mafaili tu. Haikuletei vitu ambavyo draiva inavitegemea, na skripti za usakinishaji inaziacha mpaka uweke `--scripts`. Kwa printa, mara nyingi skripti hizo ndizo zinazoitambulisha draiva kwa CUPS, mfumo wa kuchapa wa Linux. Basi dpkg inasema sawa, unatuma kazi, CUPS inaandika "Filter failed", na mteja kasimama kaunta karatasi haitoki.

Bando nalo: alien inakuja na rpm, debhelper na vifaa vingine vya kufungashia. Wakati unachotaka kipo Debian kwenyewe, tena kidogo, unakivuta kwa apt, kisakinishi chake:

`sudo apt install printer-driver-brlaser`

Fungua localhost:631 kwenye kivinjari (ukurasa wa CUPS), ongeza printa, chagua HL-1110. Ikigundulika kasoro ya usalama, apt inakuletea marekebisho. Iliyogeuzwa haina wa kuiangalia, na hilo ndilo linaloniuma zaidi kwa mashine inayobeba nyaraka za watu. Ukikosa draiva ndani ya Debian, chukua .deb ya Brother wenyewe. Kugeuza kuwe mwisho kabisa.

fundi_masasi: Sasa alien ina kazi gani?

mikindani64: Ipo kaka. Fonti, kamusi, vitu visivyoshikana na mfumo, geuza tu. Libc na init, vitu vya msingi vya mfumo, usiguse, hata mwongozo wa alien unakataza. Na programu uliyogeuza ikigoma, piga amri ya `ldd` kwenye faili lake, tazama penye "not found": hiyo ndiyo laibrari ya kutafuta kwa apt.

stesheneri_lindi: Ukurasa wa majaribio umetoka safi. Ahsanteni. Nina skana pia, naifungulia swali lake.