Baba anatolewa mtoto wa jicho Jumanne, tujihadhari na nini?

Mwana_Uyole: Wakuu, habari za leo. Baba ana miaka 71, anakaa Tukuyu, Jumanne anapasuliwa mtoto wa jicho Mbeya mjini. Ana kisukari na anameza dawa ya tezi dume. Jirani anasema asubiri kwanza "uive". Tufanyeje jicho lisije likaharibika?

Kibatari: Habari ya kuiva achaneni nayo. Ukisubiri, lenzi ya ndani ya jicho, ile iliyoingia ukungu, inazidi kuwa ngumu kutoa, na ikipitiliza inaweza kuvuja na kupandisha presha ya jicho.

Hiyo dawa ya tezi dume inaitwaje? Kama ni tamsulosini, daktari ajue KABLA, si mzee akiwa ameshalazwa mezani. Inalegeza airisi, ile sehemu yenye rangi inayozunguka mboni. Katikati ya kazi mboni inasinyaa, airisi inapepea kama kitambaa na kutaka kutokea kwenye tundu alilokata daktari. Nafasi ikibana hivyo, ni rahisi utando wa nyuma ya lenzi kuchanika. Msimwachishe wenyewe: athari yaweza kubaki hata dawa ikiachwa, na mkojo unaweza kuziba. Daktari akijua mapema anaandaa fenilefrini, dawa ya kupanua mboni, ya kuweka ndani ya jicho, au vindoano vya kushikilia mboni.

Nesi_Mafinga: Sukari na presha ya damu zipimwe wiki hii. Kikohozi pia semeni, baridi ya huko naijua. Akikohoa jicho likiwa wazi ni hatari. Kope zenye magamba au jicho linalotoa usaha vitibiwe kwanza, hata tarehe ikisogea. Siku yenyewe atawekewa povidoni iodini ya asilimia 5 kwa dakika 3 hivi kuua vijidudu. Isirukwe.

Mwana_Uyole: Asante dada. Na nyumbani? Mama anapikia kuni.

Nesi_Mafinga: Basi baba akae mbali na jiko. Anayemdondoshea dawa anawe kwa sabuni, avute kope la chini, tone moja, ncha ya chupa isiguse popote. Dawa ya pili baada ya dakika 5, la sivyo inaisukuma ya kwanza nje. Usiku avae kikinga cha jicho. Gunia la viazi asiliguse mpaka daktari aruhusu.

Kibatari: Maumivu yakizidi, wekundu ukiongezeka au uoni ukishuka, hasa wiki ya kwanza, mrudisheni siku hiyohiyo. Hiyo si ya kusubiri tarehe ya kliniki. Na majani yasitiwe jichoni!

Mwana_Uyole: Mama kanisomea boksi sasa hivi: tamsulosini, miligramu 0.4.

Kibatari: Pigeni kliniki leo.