Tupeane uzoefu: uuguzi kwenye miji ya Ujerumani Mashariki inayoishiwa vijana

Mleta mada
Wakuu, hapa ni majimbo ya Thüringen na Sachsen-Anhalt, siyo Berlin. Sachsen-Anhalt ilikuwa na watu milioni 2.9 hivi mwaka 1990. Leo wamebaki milioni 2.1 na ushee. Mji wa Suhl, Thüringen, ulikuwa na zaidi ya 56,000 mwaka 1988, sasa ni kama 36,000. Viwanda vilifungwa, vijana wakahamia magharibi, wazee wakabaki bila wa kuwahudumia. Kenya na Ujerumani zilisaini makubaliano ya ajira Septemba 2024, kwa hiyo wanaouliza wataongezeka. Leteni mambo ambayo mtu anaweza kuyafanyia kazi leo.

Nesi wa Zamu
Karatasi kwanza. Ofisi ya Weimar inayopima vyeti vya uuguzi Thüringen hairidhiki na diploma tupu. Inataka transkripti yenye saa za darasani na saa za wodini kwa kila somo. Chuo kikiandika alama bila saa, faili linalala. Ifuatilie ukiwa bado nyumbani. Ikishindikana kabisa, tangu 2024 unaruhusiwa kuacha ulinganisho wa vyeti ukaenda moja kwa moja kwenye Kenntnisprüfung, mtihani wa mdomo na wa vitendo. Sehemu uliyofeli unairudia mara moja tu. Kijerumani kinachotakiwa ni B2, yaani kiwango cha juu ya kati. Mpaka cheti kitambuliwe, unalipwa kama msaidizi.

Ukifika wodini, angalia saa. Wenyeji wakisema "viertel drei" wanamaanisha 14.15. Aliyesoma kozi za kawaida za Kijerumani husikia 15.15, na insulini imeshachelewa saa nzima. Kwenye makabidhiano ya zamu rudia kwa tarakimu: vierzehn Uhr fünfzehn.

Njia Panda
Mnasahau leseni, na ndiyo inayowang'oa watu vijijini. Kuhudumia wazee nyumba kwa nyumba bila gari haiwezekani. Zamu inaanza saa 12 asubuhi, na Jumapili vijiji vingi havina basi saa hiyo. Leseni ya Kenya au Tanzania inatumika miezi 6 tu tangu uhamie. Baadaye ni mtihani wa nadharia na wa barabarani. Tangulia kupima macho na kozi ya huduma ya kwanza, vipindi 9. Nadharia ina maswali 30, ukizidisha pointi 10 za makosa umefeli. Kiingereza na Kifaransa vipo, Kiswahili hakipo. Sisi tuliozoea kuendesha kushoto tunakwama kwenye rechts vor links: njia panda isiyo na alama, anayetokea kulia kwako anapita kwanza, hata kama katoka kichochoroni. Anza mwezi wa kwanza tangu ufike, usingoje wa tano.

Mdau Erfurt
Waajiri nao wasome hapa. Ukaazi wa kudumu unakuja baada ya miaka 3 ya kibali cha mfanyakazi mwenye ujuzi na miezi 36 ya michango ya pensheni. Aliyesomea Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi, hukohuko Ujerumani, ni miaka 2. Muda wa kusubiri cheti kitambuliwe hauhesabiwi, ndiyo maana faili likilala watu wanakata tamaa na kuhamia Leipzig. Mume au mke akija kwa kibali cha familia anaruhusiwa kufanya kazi papo hapo, na watoto wanaijaza shule iliyokuwa ifungwe. Anayeajiri nesi na kumpa chumba cha mtu mmoja anajipotezea hayo yote.

Na wewe unayesaini, tafuta kipengele cha Rückzahlung, yaani deni la gharama za kozi ukiondoka mapema. Deni hilo linatakiwa lipungue kadiri unavyofanya kazi. Likibaki lilelile mpaka mwisho, peleka mkataba kwa Faire Integration, huduma ya ushauri wa haki za kazi kwa wahamiaji, kabla ya kalamu. Ushauri wao ni bure.