Canon 700D na bajeti ya 15,000: ninunue lenzi ya 50 au ya 24? Niko Rongai, karibu na Nairobi

mwalimu_rongai

Hamjambo wapenzi wa picha. Naomba mawaidha kabla sijatoa pesa mfukoni.

Nina Canon 700D niliyouziwa na binamu yangu alipohamia Kisumu, pamoja na ile lenzi inayokuja na kamera, 18-55mm (namba ndogo inaona upana, kubwa inavuta karibu). Sipigi picha za kuuza. Nafundisha Kemia, na wikendi napiga kwaya ya kanisa letu ikiimba, nyanya yangu na wajukuu wake sebuleni, na nikipata nafasi nateremka mpaka mzunguko wa Nyayo kuwapiga wale korongo mfuko-shingo wanaokaa juu ya migunga.

Kinachonisumbua zaidi ni kanisani. Madirisha ni madogo, na Julai hii jua hatulioni. Mikono ya waimbaji inafutika kwenye picha, na nikipandisha ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, mpaka 6400 nyuso zinajaa chembechembe. Flashi mchungaji amekataza, na mimi naungana naye, maana watu wako kwenye maombi.

Nimetenga shilingi 15,000. Mtandaoni nimeona 50mm f/1.8, 24mm f/2.8 ile nyembamba, na 75-300 ambayo muuzaji anaisifu sana. Zote zimetumika. Pesa yangu inatosha moja tu. Ipi? Na je, ninunue kwa mtu au dukani? Dada mmoja wa kwaya yetu alituma elfu tatu za kushikia kamera aliyoiona mtandaoni, na siku hiyo hiyo muuzaji akazima simu. Tangu hapo naogopa.

mzee_wa_stadio

Mwalimu, karibu. Nimefanya kazi ya stadio ya picha River Road tangu enzi za filamu, na hadi leo watu huniletea lenzi nizisafishe. Chukua 50. Kwa kuwa wewe ni mtu wa sayansi, nikueleze kwa hesabu.

Hiyo 18-55 yako ukiivuta mpaka 50, tundu lake la mwanga halifunguki kupita f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Ile 50 inafunguka mpaka f/1.8. Gawanya 5.6 kwa 1.8, kisha zidisha jibu kwa lenyewe: unapata karibu 10. Yaani kwa ISO ile ile, kamera inapokea mwanga karibu mara kumi. Mahali ulipokuwa unapiga kwa 1/15 ya sekunde sasa utapiga kwa 1/125, na mkono wa mtu anayepiga makofi polepole utaonekana ni mkono. Usimsikilize anayekwambia 18-55 yako ina IS, yaani kizuia mtikisiko, kwa hiyo inatosha. IS inatuliza mkono wako wewe. Mwimbaji akitikisika, haimsaidii kitu.

24 ni lenzi nzuri sana na naipenda, ila tazama jambo hili: 18-55 yako ukiiweka kwenye 24 tayari iko karibu na f/4. Ukihamia f/2.8 umeongeza mwanga mara mbili tu. Kwa taabu uliyoeleza, hiyo ni nusu dawa.

Ubaya wa 50 nao uujue mapema. Kihisi cha 700D, yaani kile kinachopokea picha ndani, ni kidogo kuliko fremu ya filamu, kwa uwiano wa 1.6, kwa hiyo 50 inaona kama 80 ilivyoona kwenye kamera zetu za zamani. Sebuleni kwa nyanya utarudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta na bado wajukuu wote hawataingia. Kule endelea na 18-55, mchana, nyanya akae karibu na dirisha.

Kabla ya kulipa chochote, Jumapili hii weka 18-55 yako kwenye alama ya 50, ifunge kwa selotepu isisogee, upige ibada nzima hivyo. Sahau giza, angalia nafasi tu. Ukiona watu wanaingia kwenye picha vile unavyotaka, basi 50 itakufaa.

75-300 achana nayo. Hiyo inayozunguka sokoni, yenye III mwishoni mwa jina, haina kizuia mtikisiko, na kwa 300 kila pumzi yako itaonekana. Siku ukipata pesa ya ndege, tafuta EF-S 55-250 yenye herufi STM, ya 2013. Zilikuwepo mbili kabla yake zenye urefu huo huo, kwa hiyo soma jina lote.

shiru_wa_kayole

Naunga mkono 50. Kuhusu mahali pa kununua, dada, mimi nakusihi uanzie maduka ya kamera ya katikati ya mji, upande wa Moi Avenue na Kimathi. Uliza bei ya mpya na bei ya iliyotumika, hata kama hununui siku hiyo, ili ukienda kwa mtu binafsi ujue anakupandishia au la. Dukani utalipa zaidi kidogo, lakini unapata risiti yenye namba ya lenzi na mlango wa kurudi. Waambie waandike kwenye risiti siku za kurudisha. Ya mdomo hayashikiki.

Ukiamua kununua kwa mtu, usitume pesa ya kushikia hata mia mbili. Mwenye lenzi kweli atakuja nayo. Kutaneni mchana, ndani ya mkahawa wenye watu, uende na kamera yako na betri iliyojaa. Lipa M-Pesa ukishamaliza kuijaribu, na jina la mpokeaji likitokea kabla malipo hayajakamilika, lisome. Likiwa tofauti na jina alilokupa, futa na uondoke. Muulize pia risiti yake ya kwanza au boksi. Kamera nyingi mno zinaibwa mjini hapa, na sitaki kushika lenzi ambayo mwenzangu analilia.

Maduka mengine hukodisha pia. Kuikodi wikendi moja kabla ya kununua ni pesa nzuri.

otieno_m42

Kwa nini hakuna aliyetaja Helios? 44-2, 58mm f/2, ya Urusi enzi za Sovieti. Kwa adapta ya M42 (mdomo wa skrubu wa lenzi za zamani) inakaa vizuri kwenye Canon na inapiga mpaka mbali kabisa bila kioo cha nyongeza, jambo ambalo Nikon haiwezi. Picha za watu zinatoka na mandhari ya nyuma inayozunguka, raha tupu.

mzee_wa_stadio

Otieno, kwa nyanya aliyekaa kwenye kiti, nakubali. Lakini fokasi ya Helios ni ya mkono, na kioo cha kutazamia cha 700D ni kidogo. Kwaya inayoyumba huku na huku itamkimbia mwalimu. Aanze na yenye otofokasi, inayojifokasi yenyewe.

mwalimu_rongai

Asanteni sana. Nimefunga selotepu kama mzee alivyosema, na nafasi inatosha kabisa nikisimama safu ya tatu.

Kuna mtu wa South B ana "Canon 50mm 1.8, safi kama mpya" kwa 9,000. Tunaonana Jumamosi. Niangalie nini hasa? Na anasema haina tatizo lolote ila "gurudumu la fokasi linazunguka bila kufika mwisho". Hiyo ni dalili mbaya?

mzee_wa_stadio

Kwanza jua ni ipi. Kuna 50 f/1.8 II ya 1990 na kuna STM ya 2015 yenye mota tulivu, na wauzaji huziandika jina moja. Tazama maandishi ya mbele kuzunguka kioo: STM ina 49mm, ile II ina 52mm. Kisha igeuze. STM mdomo wake wa nyuma, unaoshika kamera, ni wa chuma, II ni wa plastiki. II inapiga picha nzuri pia, ila mota yake inalia, na kanisani kwenye ukimya wa maombi utageukiwa na watu. Usiilipe bei ya STM.

Hilo gurudumu lisikutishe ikiwa ni STM. Linatuma tu ishara kwa mota, kwa hiyo halina mwisho, na kamera ikiwa imezimwa halisogezi kitu. Kwenye II linatakiwa kugota pande zote mbili. Likizunguka bila kugota, kuna kitu kimevunjika ndani.

Sasa kioo. Toa vifuniko vyote viwili, washa tochi ya simu, mulika kutoka nyuma huku ukitazama kutoka mbele kwa mshazari. Vumbi chache ni kawaida, zote zinalo. Unatafuta kuvu: nyuzi nyembamba nyeupe zilizotawanyika kama utando wa buibui, mara nyingi zikianzia ukingoni. Lenzi iliyokaa pwani kwenye unyevu, ndani ya mfuko wa ngozi, huwa nayo mara nyingi. Kuvu ikikaa muda mrefu inakula ngozi ya juu ya kioo, na hata nikiisafisha alama inabaki. Tazama pia kama kuna wingu jepesi kioo kizima. Hilo hulioni mchana, lakini ukipiga kuelekea dirishani picha yote inapauka. Mkwaruzo mdogo wa mbele usikunyime usingizi. Wa nyuma ndio mbaya.

Ivike kamera. Weka f/16, sekunde 2, piga huku ukitazama mbele ya lenzi. Utaona vibamba vya tundu vikijifunga na kufunguka. Viwe vikavu, na viende kwa haraka. Vikiwa na mafuta au vikisitasita, ondoka. Kamera ikiandika Err 01, mawasiliano na lenzi yana kasoro. Futa vile vishikizo vya dhahabu kwa kitambaa kikavu ujaribu tena. Ikirudia, usiendelee.

La mwisho ndilo watu wengi hawalifanyi. Piga maandishi, hata menyu ya mkahawa, kwa f/1.8 ukitazama kwenye kidirisha cha jicho, kisha upige tena ukitumia skrini ya nyuma. Kwa skrini, fokasi inasomwa kwenye kihisi chenyewe. Ikiwa ya skrini ni kali na ya kidirisha inakosea kila mara, lenzi na kamera yako hazipatani, na 700D haina mpangilio wa kurekebisha hilo. Halafu bandika gazeti ukutani, piga kwa f/2.8, ulinganishe upande wa kushoto na wa kulia. Upande mmoja ukiwa hafifu daima, lenzi hiyo iliangushwa.

mwalimu_rongai

Nimerudi. Ile ya South B ilikuwa na 52mm mbele na plastiki nyuma, na tochi ilionyesha nyuzi ukingoni. Nilimwonyesha muuzaji, naye kwa kweli hakuwa akijua. Tuliachana kwa amani.

Jumatatu nikapita mjini baada ya shule. Nimepata STM iliyotumika kwa 13,500, risiti ina namba yake na siku saba za kurudisha. Nimefanya majaribio yote mlangoni mwa duka, hata muuzaji akaja kutazama. Jumapili naenda nayo. Nianze na f/1.8?

mzee_wa_stadio

Hongera, mwalimu. Kwa mwimbaji anayeongoza peke yake, f/1.8 au f/2. Kwa kwaya hapana. Ukisimama mita 4 kutoka kwao, kwenye f/1.8 sehemu inayotoka kali haifiki nusu mita, kwa hiyo safu ya nyuma yote itapotea. Weka f/2.8, shata (muda wa kupiga) 1/125 ya sekunde, ISO ijipandie yenyewe, na ile nukta moja ya katikati ya fokasi uiweke kwenye jicho la mtu wa safu ya mbele. Usiku iweke sandukuni na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu.

shiru_wa_kayole

Na ukitaka kinga ya kioo, kumbuka ni 49.