"MTOTO BURE" ni danganya toto: mawakala wa safari Nairobi, mnauza msichokijua

Agosti inakaribia na simu zimejaa mabango yale yale. Burj Khalifa nyuma, familia ya watu wanne yenye miwani ya jua mbele, na maandishi mekundu yanayopiga kelele: kifurushi cha familia Dubai, kuanzia shilingi 59,999, MTOTO BURE, lipa pole pole. Jamani, bure wapi? Ndani ya ndege hakuna bure. Hotelini bure ina umri. Ubalozini inategemea nchi. Wakala anayeandika hivyo anajua, na kama hajui basi aiondoe ukutani ile leseni ya TRA, mamlaka inayosimamia biashara ya utalii Kenya, kama anayo.

Tuanze na ndege, maana uongo unaanzia hapo.

Kwa mashirika mengi, safari za kimataifa, mtoto wa chini ya miaka 2 ni kichanga: anapakatwa, hana kiti, na analipiwa takriban asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima pamoja na kodi. Nauli ikiwa 60,000, andaa 6,000 na kodi juu yake. Kuanzia miaka 2 hadi 11 ni mtoto na lazima awe na kiti chake. Lile punguzo la robo nauli ambalo watu walilizoea limekufa kwenye tiketi nyingi za bei nafuu, kwa hiyo usishangae mtoto wa miaka 3 akilipa sawa na babake. Akifika 12, kwa hesabu zao huyo ni mtu mzima.

Sasa wakala mzembe anapoumiza watu ni hapa. Umri haupimwi siku ya kuondoka peke yake. Chukua mtoto anayetimiza miaka 2 tarehe 19 Agosti, familia inaondoka tarehe 14 na kurudi 22. Wakala anaona "mwaka mmoja", anaandika kichanga, kwisha. Siku ya kurudi mtoto huyo hapakatwi tena. Anatakiwa awe na kiti na mkanda wake. Ndege imejaa kwa sababu shule zimefungwa, nauli ya siku ile ile haina huruma, na simu ya wakala inaita tu. Kuna mashirika yanayotaka kiti safari nzima na mengine kurudi tu, na kujua lipi linataka nini ndiyo kazi mnayolipiwa. Lakini mtaijuaje ikiwa fomu yenu ya WhatsApp inauliza "watoto wangapi?" na haiulizi tarehe ya kuzaliwa?

Lingine: kichanga asiye na kiti naye ana tiketi yake, yenye namba yake. Ile namba ya herufi na tarakimu sita mnayotumiwa ni ya nafasi tu, haithibitishi kwamba mtu amelipiwa. Tiketi iliyolipwa ina tarakimu 13. Hesabu: watu wanne, namba nne. Ukiona tatu, kichanga hayumo, na utaambiwa hivyo kaunta ya uwanja wa ndege wa JKIA saa nane usiku, mtoto akiwa amelala begani, mkitumwa kutafuta ofisi ya tiketi. Kosa hili hutokea kwa sababu kichanga huongezwa kwenye nafasi ya mtu mzima baadaye, na anayeongeza husahau hatua ya pili ya kumkatia tiketi. Huwa ni dakika chache tu za kazi.

Basineti nayo. Kile kitanda kidogo kinachofungwa kwenye ukuta wa mbele hakiji chenyewe kwa sababu una mtoto. Ni vichache kwa kila ndege, kina kikomo cha uzito (nyingi huwa kama kilo 11, lakini shirika hutofautiana na shirika), na kinaombwa mapema, siku ile ile ya kukata tiketi. Wakala anaandika "basineti imo" bila ombi lolote kwenye mfumo. Na wenye mapacha, sikilizeni: kila safu ya viti kwa kawaida ina barakoa moja tu ya oksijeni ya ziada. Viti vitatu, barakoa nne. Kwa hiyo vichanga wawili hawakai safu moja ya viti vile vitatu, hata mkilia. Mama upande huu wa ujia, baba upande ule. Hili linapangwa kabla. Mkingoja mlangoni, abiria hamsini watawatazama mkibishana.

Tuje kwenye karatasi, ambako hasira yangu ni kubwa zaidi.

Mtoto anahitaji pasipoti yake mwenyewe. Hakuna mtoto anayesafiri ndani ya pasipoti ya mamake siku hizi. Maombi ni kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha mtoto mwenyewe anapelekwa ofisi za uhamiaji, Nyayo House au kituo kingine, na cheti halisi cha kuzaliwa. Ile karatasi ya taarifa ya kuzaliwa mliyopewa hospitalini si cheti. Watu wanagundua hilo wakiwa na wiki tatu, na kutafuta cheti nako kuna foleni yake. Nchi nyingi zinataka pasipoti iwe na angalau miezi 6 ya uhai. Wazazi huangalia zao na kusahau ya mtoto iliyotolewa zamani.

Halafu barua ya idhini. Kwetu mama na mtoto mara nyingi hawana jina moja la mwisho. Mama ni Njeri, mtoto ni Kamau, na sisi hatuoni ajabu yoyote. Ofisa wa ng'ambo anaona mwanamke na mtoto wasiofanana majina, na anauliza. Mzazi mmoja akisafiri na mtoto, beba cheti cha kuzaliwa na hati ya kiapo ya yule anayebaki, iliyogongwa muhuri na wakili au kamishna wa viapo: majina kamili, namba za pasipoti, tarehe za kwenda na kurudi, nchi, na simu inayopatikana, pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Aliyefiwa abebe cheti cha kifo. Mwenye amri ya mahakama ya malezi aibebe. Mtoto akienda na shangazi au nyanya, wazazi wote wawili watie sahihi. Afrika Kusini ilianza kudai haya kwa ukali Juni 2015, ikalegeza mwishoni mwa 2019 kwa wanaofuatana na wazazi wao, na tangu Januari 2023 Mkenya anaingia bila viza hadi siku 90. Ndiyo maana mawakala wanauza Cape Town kama Naivasha hapo jirani. "Hakuna viza, ni kupanda tu." Si kupanda tu.

Kwa sababu kuna kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano, na Afrika Kusini na Tanzania, Zanzibar ikiwemo, zinaidai kwa wasafiri kutoka kwetu kuanzia mwaka mmoja. Mtoto wa miaka 2 lazima awe nayo sawa na babu yake. Cheti huanza kutumika siku 10 baada ya sindano: ukidungwa tarehe 1, kinakubalika tarehe 11. Wakala anayekwambia Alhamisi "pitieni mdungwe, mnaruka Jumamosi" anakuuzia mbuzi kwenye gunia, na kaunta ina haki ya kukukatalia kupanda. Chanjo hii hutolewa kuanzia miezi 9, chini ya miezi 6 hairuhusiwi kabisa. Ni chanjo hai, sawa na ile ya surua na rubela ambayo watoto wetu hupata wakiwa miezi 9 na miezi 18. Mbili hizo hutolewa siku moja au huachanishwa wiki nne. Kwa hiyo mtoto aliyedungwa ya surua wiki jana tayari ameingiza hesabu yenu ya safari kwenye matope. Nendeni na kijitabu cha kliniki. Uzuri ni kwamba tangu Julai 2016 cheti hicho kinatumika maisha yote, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka 10. Anayewaambia mrudie kila miaka 10 anatafuta pesa.

Hotelini sasa. Bei ya bango ni ya mtu mmoja kati ya wawili wanaolala chumba kimoja. Mtoto "bure" maana yake analala kitanda cha wazazi, na mara nyingi kifungua kinywa chake hakimo. Kila hoteli ina umri wake wa kukatia, nyingine miaka 6, nyingine 12, na chumba kina idadi yake: wawili wazima na mtoto mmoja. Mkifika na wa pili ambaye hakuandikwa, mtauziwa kitanda cha ziada au chumba kingine kwa bei ya mapokezi. Vocha iwe na umri wa kila mtoto, kwa tarakimu. Dubai kuna pia ile ada ya utalii ya dirhamu 7 hadi 20 kwa chumba kwa usiku kutegemea daraja la hoteli, inayolipwa pale pale. Haimo kwenye 59,999 yenu, na mnajua haimo.

Na hiyo "usafiri wa uwanja wa ndege umejumuishwa"! Sheria ya Falme za Kiarabu, nchi iliyo na Dubai, inataka mtoto wa hadi miaka 4 akae kwenye kiti chake cha usalama garini. Faini ni dirhamu 400. Gari linalotumwa halina. Ombeni kiti kwa maandishi, mkitaja uzito wa mtoto, au bebeni chenu; mashirika mengi hukipokea bila malipo pamoja na kigari cha mtoto. Safari ya matuta ya jangwani nayo imo kwenye kila kifurushi cha "familia", wakati waendeshaji wengi hawapakii watoto wa chini ya miaka 3 kwenye yale magari yanayorukaruka, wala mama mjamzito. Mzazi mmoja anabaki kambini na mtoto, na amelipia kiti. Na ziara ya jiji mnaipanga saa sita mchana, Agosti, joto likipita nyuzi 40. Aliyepanga ratiba hiyo hajawahi kubeba mtoto wa miaka 2 hatua mia.

Nyongeza, kwa maswali yaliyoingia:

Lipa pole pole yenyewe si wizi, lakini eleweni kinachofanyika. Nauli haifungwi mpaka tiketi itolewe. Amana yako ya Mei haishiki kiti chochote. Nafasi ikiwekwa bila tiketi hujifuta baada ya siku chache, wakati mwingine saa chache. Ndiyo maana Julai unaambiwa "nauli imepanda, ongeza". Kata tiketi kwanza, hoteli ndiyo ilipwe kidogo kidogo.

Aliyeuliza viza ya watoto Dubai: kuna kipindi cha 15 Julai hadi 15 Septemba ambapo walio chini ya miaka 18 wakifuatana na wazazi husamehewa ada ya viza ya utalii. Wakala anaweza kudai ada yake ya huduma. Akidai bei kamili ya mtu mzima tarehe hizo, mwombe mchanganuo.

Ulaya ya Schengen, zile nchi zinazotumia viza moja: chini ya miaka 6 ada ya viza ni sifuri, 6 hadi 11 ni yuro 45, watu wazima 90. Chini ya miaka 12 hawachukuliwi alama za vidole. Kila mtoto ana fomu yake, yenye sahihi za wazazi wote wawili, na bima isiyopungua yuro 30,000. Uingereza haina bei ya mtoto, kichanga analipa sawa na wewe.

Dawa: chupa ibaki na lebo yake na karatasi ya daktari. Dawa ya kikohozi yenye kodini ni dawa ya kudhibitiwa Dubai, inahitaji kibali. Iacheni nyumbani. Maziwa ya mtoto hayabanwi na ile sheria ya vimiminika vya mililita 100 kwenye begi la mkononi, ila yatangazeni wenyewe kwenye ukaguzi. Na bakizeni chupa moja ya kunyonya ndege ikianza kushuka, kama nusu saa kabla ya kutua. Masikio huuma wakati wa kushuka kuliko kupanda.

Saa za kufika JKIA: "saa mbili kabla" ni ya mtu mwenye begi la mgongoni. Kumbukeni pale getini abiria huweza kushushwa garini wapite ukaguzi kwa miguu, hata aliyelala. Hesabuni saa tatu na nusu kabla ya kuruka.

Na dada wa kazi si mtoto. Naye anataka pasipoti, viza, kadi ya njano na kitanda. Msimwongeze wiki ya mwisho.