Naomba ushauri: majina ya mishipa ya damu kwa Kiarabu

Kalamu_Nyekundu: Wakuu, nina jedwali la majina ya mishipa ya damu kwa Kilatini, natakiwa kuyaweka kwa Kiarabu kwenye michoro ya kufundishia wauguzi. Ateri nimeandika شريان (shiryān), vena وريد (warīd). Vena basilica ya mkono nimeweka الوريد القاعدي (al-qāʿidī). Niko sawa? Na majina marefu je?

Nahau: Hapo kwenye basilica simama kwanza. Al-qāʿidī ni "ya kitako", na ndilo jina la arteria basilaris, ile ateri ya chini ya ubongo. Mkono na ubongo vitachangia jina. Wapo wanaoliandika hivyo, kwa hiyo utaeleweka, ila tabibu wa kale Ibn Sina aliuita الباسليق (al-bāsilīq). Mimi ningeweka hilo, na al-qāʿidī kwenye mabano mara ya kwanza tu. Jirani yake, cephalica, leo huitwa الرأسي, "wa kichwa", ingawa uko mkononi! La kale ni القيفال (al-qīfāl).

Mizani: Majina marefu yanaharibika kwenye sifa. Chukua tawi la kushoto la ateri ya ini. Ukiandika فرع الشريان الكبدي الأيسر, bila irabu hakuna anayejua kama cha kushoto ni tawi au ni ateri. Tenganisha kwa lām (herufi ل, hapa yenye maana ya "ya"): الفرع الأيسر للشريان الكبدي. Sasa "kushoto" imeng'ang'ania tawi. Wingi nao: الأوردة الرئوية (vena za mapafu), sifa inakuwa ya kike umoja, kwani mishipa si watu.

Kalamu_Nyekundu: Asante, hilo la lām limenifungua. Carotis, ateri ya shingoni, niiandike kwa kufuata matamshi ya Kilatini tu?

Nahau: Usithubutu. Ni السباتي (as-subātī), kutoka subāt, usingizi mzito. Kigiriki nacho kimetoka kwenye kupoteza fahamu, maana ukibana ateri hizo mtu huzimia. Kwa "ya ndani" chagua الباطن au الداخلي, moja tu, jedwali zima. Ukichanganya, mwanafunzi atadhani ni mishipa miwili.

Mpangaji: Hamjagusa michoro, na hapo ndipo balaa lilipo. Programu za kupanga kurasa, zikigeuzwa kwenda kulia-kushoto, huweza kupindua na picha. Moyo unakuwa kama wa kwenye kioo, na mshale wa ateri ya taji ya kushoto unaangukia ya kulia. Geuza maandishi tu, picha ifunge. Kagua hivi: mchoro wa moyo ukitazamwa kwa mbele, ncha ielekee mkono wa kulia wa mtazamaji. Vifupisho vya Kilatini vitoe ndani ya sentensi za Kiarabu, viweke safu yake. La sivyo mabano yanaruka upande.