Wikendi ndefu kwa marafiki wa karibu: tulale kwao, tuchukue chumba, au tugawanye?

Mshale (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za leo. Naomba mawazo yenu kabla ya Jumatano maana tiketi hazisubiri.

Mimi na mke wangu tumepata wikendi ndefu, Ijumaa jioni hadi Jumatatu. Tunataka kwenda kuwaona marafiki zetu, mume na mke, waliohamia mji mwingine miaka 2 iliyopita. Hawa si watu wa kutumiana salamu za sikukuu tu. Yule bwana ndiye aliyekaa nami hospitalini usiku kucha wakati baba yangu amezidiwa. Tangu wahame tumeonana mara moja, tena msibani, tukashikana mikono na kila mtu akaondoka na gari lake. Ndiyo maana sitaki safari hii iharibike.

Wana nyumba ya vyumba viwili na mtoto wa miezi 8. Wamesema "njooni tu, tutabanana". Nimebaki na njia tatu. Ya kwanza, tulale kwao usiku wote. Ya pili, tuchukue chumba gesti au hoteli. Ya tatu, tuanze kwao halafu usiku wa mwisho tuhamie nje ili nao wapumue.

Usafiri nao unanichanganya. Basi la usiku ni masaa 9, gari langu kama masaa 8, ndege saa moja angani. Mwenye uzoefu aseme.

Kipepeo

Laleni kwao, hapo hakuna hata cha kulinganisha. Mtu aliyekesha nawe hospitalini umwambie umechukua hoteli? Utamvunja moyo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kubanana ndiyo raha yenyewe, stori nzuri zote huja watu wakishajilaza.

Mama Wawili

Mshale kaka yangu, mimi naongea kama mwenyeji, kwa sababu huku wote mnaongea kama wageni.

Mwaka jana tulipokea marafiki tunaowapenda sana, mwanangu wa pili akiwa na miezi 7. Hayo maneno "njooni tutabanana" niliyasema mimi mwenyewe kwa mdomo wangu na nilimaanisha. Wakalala sebuleni kwenye godoro. Saa 8 usiku mtoto kaamka. Njia ya kwenda jikoni inapita pale pale walipolala, kwa hiyo sikuwasha taa. Nilipasha maziwa kwa mwanga wa simu, nikambembeleza kwa kunong'ona, kila akipandisha sauti moyo unanidunda. Saa 10 akaamka tena. Asubuhi nikawa natabasamu na macho mekundu.

Siku ya pili nikajikuta nahesabu masaa ya wao kuondoka. Iliniuma sana kujigundua hivyo, maana mwezi mzima nilikuwa nahesabu siku za wao kufika.

Halafu alfajiri ya mwisho, saa 11, rafiki yangu akagonga mlango taratibu, akamchukua mtoto mikononi mwangu, akaniambia rudi kalale. Nililala masaa 3. Ukiniuliza leo nakumbuka nini katika ziara ile, nakumbuka hayo masaa 3.

Kwa hiyo ushauri wangu: chukueni chumba, lakini msiamke na kuzunguka mjini mpaka saa 5. Alfajiri muwe mlangoni kwao, mmchukue mtoto, yule mama alale.

Mshale

Dada Mama Wawili, nimemsomea mke wangu hii na amenyamaza muda mrefu. Asante. Hofu yake ilikuwa kwamba tukilala nje tutakosa maongezi ya usiku, na yeye na yule shoga yake ni watu wa maongezi ya usiku.

Mwalimu wa Zamu

Hofu ya shemeji ina maana, ila tuipime kwa masaa.

Mwaka 2018 Jeffrey Hall, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Kansas, alitoa utafiti kuhusu muda ambao watu hutumia pamoja mpaka wawe marafiki. Alikadiria takriban masaa 50 kutoka kufahamiana tu hadi urafiki wa kawaida, na zaidi ya masaa 200 hadi urafiki wa karibu. Masaa ya kukaa pamoja kazini yalisaidia kidogo kuliko yale ya kukaa, kuongea na kucheza. Nyinyi 200 zenu mlishazimaliza zamani, lakini kipimo kinafaa hata kwa wanaotaka kuutunza urafiki uliopo: hesabuni masaa ya kukaa pamoja, msihesabu usiku mlizolala chini ya paa moja.

Tuseme mnafika Ijumaa saa 1 usiku na kuondoka Jumatatu saa 6 mchana. Hayo ni masaa 65. Toa usingizi, masaa 8 kwa usiku mara 3, yanabaki 41. Mkilala kwao mnayo yote 41, angalau kwenye karatasi. Mkichukua chumba cha kufika kwa miguu kwa dakika 10, weka muda wa saa nzima jioni na saa nzima asubuhi unaopotea kwa kwenda, kurudi na kujiandaa. Masaa 6 yametoka, yamebaki 35. Mkichukua kile chumba kizuri upande wa pili wa mji kwa sababu kina bwawa la kuogelea, mnapoteza masaa 4 kwa siku bila kushtuka, yanabaki 29.

Kwa hiyo chumba cha jirani kinawagharimu masaa 6 tu wikendi nzima. Chumba cha kupanda gari kinawagharimu mara mbili yake, masaa 12. Huko ndiko watu wanakokosea: wanachagua chumba kwa picha, wakati wangepaswa kuanza na anwani ya marafiki zao.

Usukani

Naomba nizungumzie gari, nimeendesha safari ndefu zaidi ya nusu ya maisha yangu.

Mshale, tuseme Ijumaa unaamka saa 12 asubuhi, unafanya kazi, unaondoka saa 11 jioni. Masaa 8 njiani, unafika saa 7 usiku. Ikifika saa 5 usiku utakuwa macho kwa masaa 17, na bado una masaa 2 ya barabara gizani. Watafiti Dawson na Reid walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho masaa 17 utendaji wake unashuka sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Nchi nyingi kwa kiwango hicho dereva haruhusiwi kushika usukani. Tena hapo sijaongeza mapumziko ya kila masaa 2, ambayo ni lazima uyachukue, kwa hiyo utafika baadaye zaidi.

Na utamwamsha mtoto.

Siku ya kurudi ni mbaya kuliko ya kwenda. Jioni ya mwisho wa sikukuu kila mtu yuko barabarani, kila mtu kachoka na kila mtu ana haraka. Kama lazima uende na gari, ondoka Jumamosi alfajiri ukiwa umelala, na mke wako mbadilishane kama anaendesha. Zaidi ya hapo, liache gari nyumbani.

Tulivu

Mimi naipinga ile njia ya tatu, ya kuhama usiku wa mwisho. Kuna kitu watafiti wa usingizi wanakiita athari ya usiku wa kwanza. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown walipima bongo za watu wakilala mahali pageni, wakaona upande wa kushoto unalala kijuujuu kuliko wa kulia, kana kwamba unalinda. Ndiyo maana mahali papya mtu hushtuka kwa mlango mdogo tu. Sasa wewe una usiku chache, kwa nini ujitafutie usiku wa kwanza mara mbili? Chagua sehemu moja, weka begi chini, baki hapo.

Halafu kuhama katikati kunaweza kusomeka vibaya. Wenyeji watalala wakijiuliza walikosea wapi.

Nuru77

Ndege ya saa moja haijawahi kuwa ya saa moja. Kutoka nyumbani hadi uwanjani, kuwahi mapema, kusubiri begi, kuingia mjini: ni kama masaa 5 mlango hadi mlango. Bado ni nafuu kuliko 8 au 9. Beba begi la mkononi tu, utaokoa ile nusu saa ya kusimama kwenye mkanda wa mizigo.

Ijumaa jioni na Jumatatu jioni ndizo nyakati kila mtu anazotaka, na bei inajua hilo. Angalia ndege ya kwanza ya Jumamosi. Mara nyingi ndiyo inayotoka kwa wakati, kwa sababu ucheleweshaji huwa unajikusanya safari hadi safari kadiri siku inavyokwenda. Kurudi, panda basi la Jumatatu usiku. Basi la usiku kwenda sikushauri: unafika saa 12 asubuhi haujalala, chumba mara nyingi hawakupi mpaka mchana, unaishia kusinzia kwenye kochi la watu. Kurudi ni tofauti, kitanda kinachokusubiri ni chako.

Kipepeo

Nimesoma yote. Habari ya Mama Wawili imenigusa, na kwa nyumba yenye mtoto mchanga naondoa kauli yangu. Ila bado nasema: msiwapelekee hoteli kama jambo lililokwisha kuamuliwa. Inauma.

Mzee wa Kivuli

Vijana wangu, ngoja nami niseme.

Watu wanapenda kusema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wanaitumia kumfukuza mtu. Mimi sijawahi kuielewa hivyo. Huwezi kumpa jembe mtu usiyemtaka shambani kwako. Jembe linamtoa mgeni kwenye kiti na kumweka kwenye kundi la watu wa nyumba. Sasa nyinyi mna siku chache, hamna nafasi ya kusubiri ya tatu. Liombeni jembe siku ya kwanza. Vyombo, nepi, kufagia, chochote. Usiulize "nikusaidie nini?", maana huyo mama atajibu "kaa tu". Simama ufanye.

Kuhusu alilosema Kipepeo. Ukimpigia rafiki yako ukamuuliza "tutawasumbua?", hawezi kusema ndiyo. Hakuna mtu mwenye heshima anayeweza. Swali hilo limeshajijibu kabla halijatoka mdomoni. Muulize kuhusu mtoto: "Siku hizi analalaje?" Atakueleza ukweli wote, kwa sababu mzazi hawezi kuficha usingizi wa mtoto. Ukishausikia ukweli huo, ndipo umwambie kuna chumba jirani hamjakilipia, mnaonaje. Hapo umemwachia mlango wa kutokea bila kumwaibisha.

Mshale

Shikamoo mzee wangu. Nimepiga simu jana usiku, nikauliza hivyo hivyo ulivyosema.

Rafiki yangu akaanza "ah, analala vizuri tu". Nyuma yake nikamsikia mkewe: "Nani analala vizuri?" Akachukua simu. Mtoto anaamka mara 3, na wiki hii meno yanatoka. Nikamwambia kuna chumba dakika 7 kwa miguu kutoka kwao, hatujakilipia. Akakaa kimya kidogo, halafu akasema, "Kichukueni. Lakini asubuhi mje mapema, msituzoeshe ugeni." Mke wangu alikuwa amesikiliza pembeni, akasema saa 11 nitakuwa mlangoni.

Tumekata ndege ya kwanza Jumamosi, tutakuwa kwao saa 4 asubuhi. Tunarudi na basi la Jumatatu saa 3 usiku, kwa hiyo tutawaaga saa 2. Nimeomba ruhusa kazini Jumanne mpaka mchana. Nimepiga hesabu ya Mwalimu: ni masaa 58, toa usingizi wa usiku 2, yanabaki 42 kabla ya kutoa muda wa kwenda na kurudi chumbani. Mpango wangu wa Ijumaa, kwa kipimo hicho hicho, ulikuwa unabakiza 41. Tumepunguza usiku mzima wa kulipia chumba na muda wa kukaa nao haujapungua hata kidogo. Nimeirudia hesabu mara tatu kwa sababu sikuamini.

Mwalimu wa Zamu

Hesabu iko sawa. Usiku wa Ijumaa mngefika mmechoka na wao wamechoka. Mmeubadilisha na mchana wa Jumatatu.

Mama Wawili

Mkirudi utuambie. Usisahau.

Mshale

Tumerudi asubuhi ya leo, naandika kabla sijalala.

Jambo moja hakuna aliyelitaja hapa. Kile chumba cha dakika 7 kilitupa maongezi ambayo ndani ya nyumba yasingepatikana. Jumamosi usiku, mtoto alipolala, ndani tulikuwa tunanong'ona wote wanne. Tukaaga, rafiki yangu akasema nawasindikiza. Tulipofika getini mke wangu akaingia kulala, sisi tukabaki tumesimama. Nikamweleza mambo ya baba ambayo sijawahi kumweleza mtu, naye akanieleza kwa nini hasa walihama. Nilipotazama saa ilikuwa imepita saa nzima na nusu. Jumapili tukafanya tena, safari hii wakatoka wale shoga wawili na sisi wanaume tukabaki na mtoto.

Mzee, jembe tuliliomba. Tulipewa kamba ya nguo iliyokatika na ndoo mbili za nepi.

Mama Wawili

Na mama mtoto alilala?

Mshale

Jumapili alfajiri masaa 3. Jumatatu masaa 4 na nusu, mfululizo. Alipotoka chumbani alimkuta mtoto amelala kifuani kwa mke wangu kwenye kochi, akarudi akavuta shuka, akalala tena.