Nagona na Mzingile: wapewe wanafunzi wa kidato cha tano, au tuwaachie maprofesa?

Wadau, jana nimemaliza Nagona kwa mara ya tatu. Kitabu chembamba, lakini kimenitoa jasho kuliko riwaya nene zote za kabatini kwangu. Mwandishi wa Tanzania, Euphrase Kezilahabi, alikitoa 1990, na riwaya yake nyingine, Mzingile, ikafuata 1991. Msimulizi anaingia kwenye mji wa kimya, anawakuta wanafalsafa akina Plato na Nietzsche, na kila akidhani amefika, njia inageuka. Mimi nasema kidato cha tano na sita wapewe. Swali la "mimi ni nani" linamkosesha usingizi kijana wa miaka 18 kuliko profesa anayesubiri kustaafu. Mnasemaje?

— Napinga. Huu mwaka wa 12 nafundisha Kiswahili. Mtihani unauliza wahusika na mandhari. Sasa Nagona mandhari yake wapi? Wahusika ni watu au mawazo? Kezilahabi huyohuyo kaandika riwaya ya Rosa Mistika. Wanafunzi wanaimaliza usiku mmoja, asubuhi darasa zima linagombana kuhusu Zakaria, yule baba mlevi. Hiyo ndiyo fasihi.

— Mwalimu, hiyo Rosa Mistika ilitoka 1971 ikapigwa marufuku shuleni, baadaye hiyohiyo ikawekwa kwenye mtaala. "Haifai shule" tumeshaisikia.

— Marufuku ile ilikuwa ya maadili, ndugu yangu. Mimi nasema haieleweki. Usinichanganyie mambo.

— Jamani, mimi mtu wa Kanda ya Ziwa. Kwenye Mzingile kuna mzee anaitwa Kakulu. Kwetu -kulu ni ukubwa, uzee. Ka- ni udogo. Jina lenyewe linajipinga! Nilipoligundua nilifunga kitabu nikacheka peke yangu kwenye daladala, konda akanitazama vibaya. Kezilahabi alizaliwa kisiwani Ukerewe, humohumo ziwani, sidhani kama alilitupa jina hilo hivihivi.

— Haya, na sisi wa Mombasa tusiojua lugha za ziwa? Tukufuate na kamusi?

— Wewe wa Mombasa ndiye mwenye jina la kitabu, dada! Mzingile-mwambiji si la kwenu, lile fumbo la njia zinazozungukana? Mtu wa ziwa kaazima neno la pwani, kisha kalijaza wazee wa kwao.

— Hapo umenipata. Bibi yangu alikuwa akilisema tukimsimulia habari isiyo na kichwa wala miguu.

— Mleta mada tena. Ndiyo maana nasema msomaji kupotea si ajali. Msimulizi naye kapotea. Ukimpa mwanafunzi muhtasari wa dhamira kabla hajasoma, umemtoa kwenye mzingile kabla hajaingia.

— Mwalimu hapa. Bado sijakubali, na mtihani hautanisubiri. Ila Ijumaa kipindi cha mwisho nitawasomea kurasa tano za mwanzo za Nagona, bila maswali. Wakisinzia nitarudi kuwaambia.